Kaka Yangu, Mafuta na Farasi

Nikipanda boda pale sokoni Arua na mwendeshaji akinitambua, najua njia nzima nitasikia habari za kaka yangu. Haji alimlipia karo. Haji alichimba kisima kwao. Haji alituma sanda na magunia ya mchele mama yake alipofariki. Mimi nashika kiti. Tukifika Mvara natoa nauli, kijana anakataa. "Hapana, mama. Dada ya Haji mimi siwezi beba na pesa." Namtilia mfukoni kwa nguvu. Sitaki kupanda bure kwa jina lake.

Tulizaliwa Koboko, na kati ya watoto wa mama tulibaki sisi wawili. Ukoo wetu ni Wanubi, wajukuu wa askari wa Kisudani walioletwa na wakoloni. Tulipokuwa watoto vita vilitufukuza, tukavuka mpaka kwa miguu kuingia Sudan, kama karibu kila mtu wa West Nile, pembe yetu ya Uganda. Kule Yei mama alipika chai ya kuuza na mimi nikaosha vikombe. Kaka alipata kazi ya kuteka maji kwa farasi wa ofisa mmoja wa jeshi. Alirudi ananuka jasho la wanyama wale, na mama alipomwambia akaoge alikuwa anachelewa makusudi.

"Farasi hajui kama wewe ni mkimbizi," aliniambia. "Ukimpa maji anakutazama usoni. Hapa nani mwingine anakutazama usoni?"

Nilimpenda sana kaka yangu wakati ule. Naandika hivi ili msomaji asidhani nilizaliwa na kinyongo.

Tuliporudi nyumbani, nyasi zilikuwa zimeota ndani ya nyumba ya mama. Mimi nilisoma ualimu, nikafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari mpaka nilipostaafu. Niliolewa na Mlugbara wa Mvara, fundi aliyesomea mitambo, rafiki wa kaka tangu ukimbizini. Alisilimu ili anioe, na ndugu zake wa misheni walikaa muda mrefu bila kumsemesha. Yeye na kaka ndio walioanza kukamua simsim uani kwa mama, kwa kinu cha mkono, wakikizungusha kwa zamu huku shati zimelowa. Baadaye wakapata injini, kisha jengo, na mwishoni kiwanda kizima kwenye barabara ya Inde: mafuta ya simsim na alizeti, sabuni ya kipande, mashudu ya kulishia ng'ombe. Jina lililoandikwa getini lilikuwa la kaka. Mume wangu alikuwa msimamizi wa mitambo, na hakuwahi kulalamika kuhusu hilo. Nililalamika mimi, na akaniambia niache.

Kaka alipopata, alitoa. Sitamwibia sifa hiyo. Alitoa mpaka wake zake wakamgombeza. Msikiti ukihitaji mabati, anatoa. Kanisa likihitaji saruji, anatoa vilevile. Alijenga madarasa, akanunua gari la wagonjwa. Mara nyingi alilia akiwa anatoa, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Ila niligundua kitu kimoja mapema: hakuweza kutoa kama hakuna mtu wa kumwona. Mama alipougua na kukaa mwaka mzima kitandani Koboko, kaka alimjengea ukuta mpya na geti zuri la chuma. Kukaa naye chumbani, kumgeuza, kumfuta, ilikuwa kazi yangu. Akija anasimama mlangoni, anauliza, "Mama anahitaji nini?" Mama alikuwa anasema, "Nakuhitaji wewe ukae." Anacheka, anakaa kidogo ukingoni mwa kitanda, simu inalia, anaondoka.

Halafu wakaja farasi.

Alinunua shamba upande wa Koboko, akajenga mazizi ya matofali yenye paa refu na madirisha ya wavu. Majike wa kwanza waliletwa kutoka Sudan, wembamba, wenye macho ya woga. Daktari wa mifugo alimwambia waziwazi kwamba nchi hii ina mbung'o na usubi, farasi hawatadumu. Kaka akamjibu, "Sisi pia tuliambiwa hatutadumu." Aliajiri saisi wa kuwatunza, Msudani mzee aliyekuwa analala palepale zizini. Farasi wakazaa. Watoto wao walikua warefu kuliko mama zao, na kaka akaanza kuwapeleka Nairobi kwenye mbio, akiwasindikiza mwenyewe ndani ya lori safari yote. Siku ya kazi, ukimtafuta kiwandani humpati. Yuko shambani, shati nje, anampiga brashi jike mmoja mwekundu na kumwimbia Kinubi.

Sikuwachukia farasi. Nilikwenda kuwaona na nikawapenda. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mwaka mmoja boila ya kiwanda, lile tangi la kuchemshia mvuke, ilianza kusumbua. Mume wangu alikuja nyumbani na wasiwasi usoni. Mhandisi aliyeitwa kutoka Kampala kuikagua alisema maneno yaleyale aliyokuwa akiyasema yeye: chuma kimeliwa, vali ya kuachia mvuke haifanyi kazi sawasawa, izimwe mpaka inunuliwe nyingine. Haikuwa siri. Hata wapakiaji wa mashudu walijua kwamba boila ile imechoka.

Kaka alikuja kula kwetu Ijumaa hiyo. Nilikuwa nimepika enyasa, ule ugali wetu wa muhogo na mtama, na mchicha wa simsim. Mume wangu alisubiri amalize kunawa.

"Haji, ile boila hatuwezi kuendelea nayo."

"Nimesikia. Mhandisi ameniambia."

"Basi tuizime."

"Tukiizima, watu watakula nini? Msimu wa alizeti ndio umefika. Baada ya msimu, shemeji. Nakuapia. Boila mpya itakuwa kitu cha kwanza."

"Iko hatari," mume wangu akasema, akirudia lugha ya kiwandani bila kujua. "Haji, iko hatari sana."

Kaka alimshika bega. "Wewe si upo? Wewe ukiwa pale, mimi nalala usingizi."

Msimu uliisha. Kitu cha kwanza kilichofika hakikuwa boila. Lilikuwa dume jeusi kutoka Kenya, la ukoo unaojulikana, lililoshushwa kwenye lori pale shambani huku watoto wa shule wamepewa ruhusa kuja kutazama. Alitembea kwa madaha kama mtu anayeingia harusini amechelewa na anajua wanamsubiri. Watu walipiga vigelegele. Mume wangu alisimama karibu nami. Nilimtazama, nikamwona anatabasamu.

"Boila je?" nikamwuliza.

"Amesema mwezi ujao."

Nilikuwa darasani asubuhi ile. Tulisikia mlio kutoka upande wa barabara ya Inde, dirisha likatetemeka, na wale tuliozeeka kidogo tukajikuta tumeinama chini ya meza, kwa sababu mwili unakumbuka vita kabla ya akili. Kisha mtu akasema ni kiwanda. Sikumbuki nilivyopanda boda. Nakumbuka barabara ilivyonuka mafuta ya kukaanga, harufu ya jikoni kabisa, na watu wakikimbia kuelekea tulikotoka.

Boila ilikuwa imepasuka, na ukuta wa nyuma umelala. Kijana mmoja wa Inde, aliyekuwa akichochea moto, alikufa palepale. Mume wangu walimtoa wakiwa wamemfunika kwa magunia yaliyolowa. Alikuwa amerudi ndani kumvuta yule kijana. Uso wake upande mmoja haukuwa tena uso ninaoujua, na mikono yake alikuwa ameinyoosha mbele, mbali na mwili, kama mtu anayebeba kitu kisichoonekana. Aliniita kwa jina langu la utotoni. Nikajua yu hai.

Kaka alifanya yote ambayo tajiri anaweza kufanya. Alikodi ndege ndogo ikampeleka Kampala. Alileta madaktari. Kwa yule kijana wa Inde alinunua jeneza, akachinja ng'ombe, akazungumza makaburini mpaka watu wakalia, na kabla ya mvua alikuwa amemjengea mama wa marehemu nyumba ya matofali. Hospitalini alikuja mara nyingi, na kila mara alikuja na watu: shehe, diwani, mwandishi wa redio. Hakuja hata siku moja peke yake. Nilikuwa nimemtayarishia kiti. Nilikuwa nataka aingie, afunge mlango, aseme neno moja tu. Nilijua hata lilivyo lile neno. Hakulisema.

Mume wangu alirudi nyumbani vidole vimeshikamana, hawezi kushika kijiko. Nilianza kumlisha, na bado namlisha. Na hapa ndipo nilipobaki peke yangu, kwa sababu yeye alisamehe. Alisamehe haraka, bila hata kuombwa.

"Haji alikuwa anataka tule wote," alisema.

"Haji alikuwa anataka farasi."

"Basi na mimi nilikuwa namtaka huyo farasi. Niache nipumzike."

Kaka alimtumia gari kila juma limpeleke shambani. Alikaa huko kwenye kiti zizini, na yule jike mwekundu alikuja kuweka pua kwenye viganja vyake vilivyoungua. Alirudi nyumbani amechangamka, ananisimulia nani ana mimba na nani anakaribia kuzaa. Nilimsikiliza nikiwa nimeshika kijiko, na nilikuwa natamani kukitupa.

Siku moja nilikwenda soko la Inde kununua muhogo, nikamkuta mama wa yule kijana amekaa nyuma ya mafungu yake. Hatukuwa tumezungumza tangu maziko. Nilimpa pole tena. Nikamwuliza habari za nyumba mpya.

"Nyumba iko muzuri," akasema. "Bati iko, saruji iko. Batu nakuja kuangalia." Alipanga upya mafungu yake ambayo hayakuwa yameharibika. "Lakini mimi nalala kwa ile ya zamani. Ile mupya nani atalala ndani? Yeye ndio alikuwa nataka kuoa."

"Ulimwambia Haji?"

"Nambia nini? Nilipiga magoti, nikasema asante. Mutu nakupa nyumba, wewe nasema nini ingine?"

Maneno yake ndiyo yaliyonipeleka jukwaani. Kaka alikuwa amejenga wodi ya watu walioungua, nzuri, yenye vigae vyeupe, na siku ya ufunguzi alitaka mimi nikate utepe, kwa niaba ya familia. Mahema yalijaa. Viongozi wa dini zote walikuwa mbele. Mume wangu aliketishwa kiti cha heshima, amevaa kanzu mpya aliyoletewa, na kila msemaji alimwonyesha kwa kidole kama kielelezo cha wema wa Haji. Nilikata utepe. Kisha mshereheshaji akanipa kipaza sauti niseme neno fupi la shukrani.

Nikasema, "Wodi hii ni nzuri. Lakini boila ile ilikuwa mbovu, na kaka yangu alijua. Aliambiwa, akanunua farasi. Mama wa kijana aliyekufa yuko Inde. Hakuna mtu aliyemwomba msamaha. Mimi pia sijaombwa."

Nilitegemea nini? Labda kimya. Labda mzee mmoja asimame aseme kweli. Kimya kilikuwepo, lakini kifupi. Mwanamke mmoja nyuma, ambaye wanawe wawili walisomeshwa na kaka, alipaza sauti: "Wewe nataka yeye aache kutusaidia?" Wengine wakamfuata. Mshereheshaji akaninyang'anya kipaza sauti huku anacheka, akasema mama amechoka na kuuguza, tumwombee, na muziki ukafunguliwa. Watu wakacheza. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa, na aliyekuwa hajui angedhani ni unyenyekevu.

Garini mume wangu hakunitazama. "Umeniaibisha," alisema. "Mimi si ushahidi wako."

Hilo lilinipata kuliko kelele zote. 

Kaka hakuja kwetu tena. Dawa za mume wangu ziliendelea kufika, na gari la kumpeleka shambani pia, ila dereva alipiga honi akiwa nje ya geti. Nilisikia habari zake kama wanavyosikia wengine wote. Mtoto wa lile dume jeusi na yule jike mwekundu, aliyezaliwa hapahapa kwenye udongo wetu, alishinda mbio Nairobi. Redio ilisema. Koboko walipiga ngoma, vijana wakazunguka mjini na boda wakipiga honi, wakiliita jina la farasi kama ni la mbunge. Mume wangu alilia kwa furaha. Nilimfuta machozi, kwa sababu yeye hawezi kujifuta.

Mwaka uliofuata mvua haikutaka kuisha. Usubi ulijaa mpaka watu wakawa wanafukiza moshi mchana. Chanjo ya farasi ilikuwa imeagizwa ng'ambo, ikakwama njiani, na ilipofika ilikuwa imeharibika kwa joto. Saisi aliona kwanza macho ya jike mmoja yamevimba kwa juu. Siku iliyofuata mwingine akatoa povu puani. Hakuna dawa ya ugonjwa ule. Walianguka mmoja baada ya mwingine, majike, watoto wao, yule mshindi aliyekuwa ameletwa nyumbani kupumzika, na mwisho dume jeusi.

Mume wangu aliniomba nimsindikize. Sikutaka, nikaenda. Tulimkuta kaka amekaa kwenye majani ya zizi, kichwa cha dume kikiwa mapajani mwake, povu limemkaukia kwenye nguo. Alikuwa analia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto. Hakukuwa na shehe wala diwani wala redio. Nilisimama mlangoni, na jambo moja tu lilinijia: kumbe anaweza. Kumbe anaweza kukaa peke yake na kitu kilichokufa na kukililia. Mume wangu alikwenda akaketi kando yake, akamwekea mkono wake usiofunguka mgongoni. Mimi nikarudi garini.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Kiwanda kilikuwa kimeachwa mikononi mwa watoto wa ndugu, na walikuwa wamekila. Benki ikachukua, na watu wa Kampala wakanunua. Jina getini likapakwa rangi. Mazizi sasa ni ghala la saruji. Wake zake wakarudi kwao na kwa watoto wao. Kaka akaenda kuishi Koboko katika nyumba ya mama, nyuma ya lile geti zuri, na aliposhikwa na kiharusi kidogo jirani alinipigia simu mimi. Hakumpigia yule mwanamke mwenye wanawe wawili waliosomeshwa. Mimi.

Kwa hiyo sasa niko na wanaume wawili Mvara. Asubuhi namlisha mmoja uji, na mwingine anasubiri, mguu wake mmoja unaburuta. Mchana wanakaa barazani, wananong'ona habari za farasi waliokufa, nani alikuwa mtoto wa nani. Wakiniona nakuja wananyamaza. Nyumbani kwangu mwenyewe wananyamaza kama nimewafumania.

Siku moja nilipokuwa namfunga kaka vifungo vya shati, alisema, bila kunitazama, "Siku ile ya wodi ulisema kweli."

"Mbona hukusema wewe?"

Alifikiri. Sikuwahi kumwona akifikiri kwa muda mrefu hivyo. "Wangeacha kunipenda," akasema.

"Na mimi je? Mimi niliacha."

"Wewe ni ndugu," alisema. "Wewe huna pa kwenda."

Nikamaliza vifungo. Aliniuliza kama chai iko tayari. Nikamletea. Hilo neno nililolisubiri hospitalini halikuwamo katika maneno yake, nami sitajidanganya kwamba lilikuwamo.

Juma lililopita alikuja mwalimu mkuu wa shule moja upande wa Koboko, ambayo upepo umeezua paa lake. Nilikuwa sokoni. Alimkuta Haji barazani, akamweleza shida, na Haji, ambaye hata sabuni yake nanunua mimi, akamwambia asiwe na wasiwasi, aje Jumatatu achukue mabati. Mume wangu alikuwepo na hakusema kitu.

Jumatatu mtu yule alikuja na lori. Alikuwa amelikodi, na amekuja na wazazi wawili wa kupakia. Niliposikia injini nikatazama barazani, viti vilikuwa vitupu. Kaka alikuwa amelala kitandani ameelekea ukutani. Mume wangu alikuwa amekaa karibu naye.

"Mwambie Haji anaumwa," mume wangu alininong'oneza. "Mwambie arudi siku nyingine."

Nilifungua geti. Nikamsalimu yule mwalimu, nikampa pole ya paa, nikamwambia kweli: Haji hana mabati, hana kitu, alichoahidi hakipo. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akatazama nyuma yangu, kwenye nyumba, kama anayetafuta mahali nilipoyaficha mabati.

"Mama," akasema, "mimi nilikuwa kwa ile sherehe ya wodi. Sisi wote najua wewe. Wewe iko mutu ya wivu tangu zamani."

Akapanda lori. Njia yetu ni nyembamba, na dereva alihangaika kugeuza, mbele, nyuma, mbele, mpaka tairi likapanda kwenye ua wa jirani na kuulaza chini wote. Hawakusimama. Nikaenda mimi kumwomba jirani msamaha.